Sura ya Sita: Sakafu Iliyopanda

Asubuhi ya kwanza nilipoingia ghalani na miwani mipya, katika lile ghala la majani ya chai la Shimanzi ambamo nilikuwa karani kwa muda wa miaka kumi na tisa, sakafu ya saruji niliyoikanyaga kila siku ya kazi, nami nikiijua kuwa ni tambarare kama meza, iliinuka mbele yangu mithili ya kilima kinachopanda taratibu kuelekea ukuta wa mwisho, na yale marundo ya magunia ya karatasi yaliyopangwa juu ya paleti mpaka karibu na dari yakaniinamia kwa vichwa vyao kana kwamba yalikuwa tayari kuniangukia. Niliinua mguu ili nikipande kilima hicho. Mguu ukashuka palipokuwa patupu, nikayumba. Kijana mmoja miongoni mwa makuli, aliyekuwa akipakua lori lililotoka Kericho usiku kucha, aliuweka mzigo wake chini, akanijia na kunishika mkono.

"Mzee, mguu wakuuma?"

Nilimjibu kwamba mguu haukuwa na neno. Lakini kilichokuwa kikinisumbua ni nini hasa, siku ile nisingeweza kumweleza, na imenichukua miaka kadhaa ya kusoma na kuuliza ili niweze kukieleza katika sura hii.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu nimewasikia watu wengi mno, wa rika langu na walio wadogo kuliko mimi, wakisema juu ya miwani waliyoipata kwa gharama na kwa siku nzima ya kungoja katika foleni, kwamba "imenikataa", kisha wakaitia katika mtoto wa meza, wakairudia ile ya zamani iliyokwaruzika, au wakarudia kukunja uso na kuusogeza waraka mbali mpaka mkono ukaisha urefu wake. Neno hilo la kukataliwa lanisikitisha kila nilisikiapo, kwa maana ndani yake mna dhana kwamba kioo na jicho vimekutana vikachukiana na shauri limekwisha, ilhali aghalabu shauri ndiyo kwanza linaanza, na wala si baina ya kioo na jicho. Ni baina ya hesabu ya kale iliyokaa kichwani kwa miaka, na hesabu mpya ambayo bado haijapata nafasi ya kuandikwa.

Mimi nilikuwa nimevaa miwani moja kwa miaka tisa. Katika miaka hiyo macho yalikuwa yakibadilika polepole, kama bahari inavyokupwa pale Makupa pasi na mtu kuyaona maji yakiondoka, na mwenyewe nikadhani kwamba ni taa za ghalani zilizopungua nguvu. Kazi yangu ilikuwa kusoma alama za magunia: jina la shamba, namba ya ankara, uzito, na daraja la majani. Tangu mnada wa chai ulipohamia Mombasa kutoka Nairobi mwaka 1969, chai ya Kericho na Nandi na Limuru, na ile ya Uganda, Rwanda na Burundi, imekuwa ikilala katika maghala yetu ya kisiwani ikingoja mnunuzi, na kila gunia laendelea na safari yake kwa kufuata yale maandishi ya ubavuni, si kwa kufuata yaliyomo ndani. BP1 ni daraja moja, na chembe zake ni kubwa. PF1 ni daraja jingine, na chembe zake ni ndogo. Bei zake ni mbali mbali na wanunuzi wake ni mbali mbali. Lakini kwa jicho lenye ukungu, saa kumi ya jioni, katika kichochoro baina ya marundo mawili, alama hizo mbili ni kama pacha. Siku niliyoandika kilo 63 mahali pa 68, si mara moja bali katika ukurasa mzima, msimamizi wangu alilifunga lile daftari kwa upole, akaniambia, "Mzee wangu, namba zimepanda. Kesho usije kazini, nenda kapimwe."

Nikaenda. Binti aliyenipima alikuwa na umri wa mwanangu wa tatu. Alinikalisha mbele ya ule ubao wa herufi zinazopungua ukubwa mstari kwa mstari, ambao asili yake ni kazi ya tabibu Herman Snellen wa Utrecht katika mwaka 1862, akanivika fremu nzito ya chuma, akawa akitia vioo na kuvitoa kimoja baada ya kimoja, na kila mara akiniuliza kwa subira ni kipi kilichozionyesha herufi vyema zaidi. Mwishoni, herufi zilipotulia nyeusi tii kama zilizochongwa, nilifurahi mno nikataka kusimama. Hakuniruhusu.

"Baba, ngoja kwanza. Hii itakusumbua," alisema. "Macho yako hayakupinda sawa pande zote, na ile miwani ya kwanza haikulirekebisha jambo hilo. Ivae kesho ukiamka tu, kabla hujashuka kitandani, wala usiivue mpaka ulale, ila kwa kuoga na kwa udhu. Ukiivaa saa moja ukaivua saa moja, kila siku utakuwa waanza upya. Zikipita wiki mbili na bado wasumbuka, rudi kwangu, usiiweke."

Maneno yake niliyashika kwa heshima tu, pasi na kuyafahamu. Sasa nataka kuyafungua, kwani kila neno alilolisema lina sababu.

Cheti cha miwani kina namba tatu kwa kila jicho. Ya kwanza ni nguvu ya kioo, nayo huhesabiwa kwa dayopta, kipimo kilichopendekezwa na Mfaransa Ferdinand Monoyer mwaka 1872: kioo cha dayopta moja hukusanya miale ya mbali katika umbali wa mita moja, cha dayopta mbili katika nusu mita, na hivyo hivyo. Namba hii ndiyo watu wa Mombasa wanayoikusudia wasemapo kwamba namba imepanda. Lakini iliyoipandisha sakafu yangu ni ya pili na ya tatu. Konea, yaani kile kiwambo angavu kilicho mbele ya jicho, katika jicho lililo timamu hupinda sawasawa pande zote kama mgongo wa chungwa. Langu limepinda kama mgongo wa yai lililolazwa, zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Kwa jicho la namna hii kioo cha duara hakitoshi. Chahitajika kioo chenye nguvu upande mmoja tu, kama kipande kilichokatwa ubavuni mwa mwanzi, na chahitajika kilazwe katika pembe yake barabara. Namba ya pili ndiyo nguvu ya mwanzi huo, na ya tatu ndiyo pembe. Wa kwanza kujitengenezea dawa hii alikuwa mwanafalaki wa Cambridge, George Airy, ambaye mwaka 1825, alipoona kwamba jicho lake la kushoto halimfai kwa kusoma, alilichunguza mwenyewe kama achunguzavyo nyota, akapiga hesabu, akampelekea fundi wa mji wa Ipswich aliyeitwa Fuller amchongee kioo hicho.

Sasa, kioo cha namna hiyo hukirekebisha kile kilichokuwa na ukungu, lakini papo hapo huikuza taswira upande mmoja zaidi kuliko mwingine, na ikiwa pembe yake imelala mshazari, kama yangu, mstari uliosimama wima hulala kidogo. Katika jicho langu la kulia ulilala upande huu, na katika la kushoto upande ule. Hapo ndipo palipo siri ya kilima cha ghalani. Akili hupokea taswira mbili kutoka kwa macho mawili, na kutokana na tofauti ndogo zilizo baina yao hukadiria ni kipi kilicho karibu na kipi kilicho mbali. Basi akili yangu, ilipoletewa taswira mbili zilizoinama kwa kupingana, iliamua kwa kanuni zile zile ilizozitumia kwa miaka hamsini na miwili kwamba kilicho juu kimesogea karibu. Sakafu ya mbali huonekana juu ya sakafu ya karibu. Kwa hivyo ikapanda. Vichwa vya marundo viko juu ya miguu yake. Kwa hivyo vikaniinamia. Akili haikukosea hata nukta moja katika kuhesabu. Ilipewa tarakimu mpya ikazipigia hesabu ya zamani.

Lakini si sakafu peke yake. Kila nilipogeuza kichwa, ghala zima liliogelea, na adha hiyo ndiyo iletayo kichefuchefu kinachowafanya watu waivue miwani kabla ya adhuhuri. Msomaji na aufanye mtihani mdogo hapa alipo. Aushike ukurasa huu mbele yake bila ya kuusogeza, kisha atikise kichwa haraka kulia na kushoto kama mtu anayekanusha jambo. Ataona kwamba maneno yasomeka. Halafu akitulize kichwa na kuutikisa ukurasa kwa kasi ile ile, maneno yatamvurugikia. Mwendo ni mmoja, matokeo ni mawili, na sababu yake iko sikioni. Ndani ya kila sikio mna mifereji mitatu midogo iliyopinda nusu duara na kujaa maji. Kichwa kikigeuka, maji hayo hubaki nyuma kidogo, na habari ya kubaki kwake hupelekwa kwenye misuli ya macho katika muda wa takriban sehemu moja ya mia ya sekunde, ili macho yageuke upande wa pili kwa kiasi kile kile na taswira isimame. Kazi hii hufanyika mchana kutwa, katika kutembea, katika matatu, katika rukuu na sijida, wala hatuna habari nayo.

Kiasi hicho cha kugeuza macho si cha kuzaliwa nacho tu; hurekebishwa maisha yote kwa kufuata yale ayaonayo mtu. Kioo cha kukuza, kwa kila dayopta moja, huongeza ukubwa wa taswira kwa asilimia moja au mbili. Ni kidogo, na mtu akiambiwa hatajali. Lakini taswira iliyokuzwa, kichwa kigeukapo, husafiri zaidi kuliko macho yalivyozoea kuifuata, na ile ziada isiyofuatwa ndiyo kuogelea kwa dunia. Sikio lasema, "Tumegeuka kiasi hiki". Jicho lasema, "La, zaidi". Na tumbo, ambalo halikuulizwa, ndilo linaloumia. Wazee wetu waliosafiri kwa jahazi kutoka Lamu walikuwa wakishuka pwani ya Mji wa Kale na kuketi barazani, nayo baraza ya mawe ikaendelea kupanda na kushuka chini yao mpaka kesho yake. Bahari ilikuwa imewafundisha hesabu moja, na nchi kavu ilikuwa ikiwafundisha nyingine.

Na inafundishwaje? Katika sehemu ya ubongo iliyoko kisogoni, ambayo matabibu huiita serebelamu, kila taswira inapoteleza huandikwa kuwa kosa, na kwa kila kosa amri ipelekwayo kwa macho hubadilishwa kidogo. Basi bila ya makosa hapana mafunzo. Mwenye kuivua miwani kila aonapo kizunguzungu anauondoa ule ule ushahidi ambao akili yake ilikuwa ikiukusanya, na akiivaa tena jioni ameirudisha kwenye ukurasa wa kwanza. Hii ndiyo maana ya maneno ya yule binti.

Ninaposoma mambo haya, fikira zangu humrudia Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufanya kazi zake kubwa Cairo. Katika Kitab al-Manazir alithibitisha kwamba nuru huliingia jicho kutoka kwa vitu, wala jicho halitoi miale ya kuvishika kama walivyodhani wengi kabla yake. Kwa hilo anajulikana. Lakini alisema jambo jingine ambalo mimi naliona kubwa zaidi: kwamba sehemu kubwa ya kuona si hisia tupu, bali ni tamyizi na kiasi, yaani akili hupambanua, hulinganisha na iliyoyajua kabla, na kuhukumu, nayo hufanya hivyo kwa wepesi hata mwenyewe asitambue kwamba amehukumu. Nilipoyumba ghalani, kile nilichokiona kilikuwa ni hukumu.

Zaidi ya miaka mia nane baada yake, mwaka 1896, George Stratton wa Chuo Kikuu cha California alijifunika jicho moja na kulivika la pili chombo cha vioo kilichoipindua dunia juu chini, kwanza kwa siku tatu, kisha katika jaribio la pili kwa siku nane. Mwanzoni hakuweza kunyoosha mkono kushika kitu. Mkono ulikwenda kinyume. Kadiri siku zilivyopita alitembea, alijimiminia kinywaji, alikaa katika dunia ile kwa raha iliyozidi. Na alipokivua chombo, dunia aliyozaliwa nayo ndiyo iliyomshangaza kwa saa kadhaa. Nilipoyasoma hayo nilisema moyoni, ikiwa mtu aliweza kuizoea dunia iliyopinduliwa, sakafu iliyopanda kidogo yanishindeje?

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba siku zangu zilikuwa nyepesi. Siku ya pili kichwa kiliniuma tangu kisogoni mpaka juu ya nyusi. Siku ya tatu nilikosa kipandio katika ngazi ya nyumbani, ngazi ya mawe iliyo nyembamba na yenye vipandio virefu kama zilivyo ngazi zote za nyumba za Mji wa Kale, na kama si kamba iliyofungwa ukutani tangu enzi za babu ningelifika chini kwa mgongo. Hapo kulikuwa na sababu ya ziada, nayo yawahusu wengi waliopita miaka arubaini: sehemu ya chini ya kioo changu ilikuwa ya kusomea, na mwenye kuuangalia mguu wake kupitia sehemu hiyo huuona kipandio kama wingu. Dawa yake ni kuinamisha kidevu mpaka kipandio kionekane kupitia sehemu ya juu. Mwili hulizoea jambo hili kwa muda mfupi. Lililonitia hofu zaidi ni barabara. Shimanzi si mahali pa kukosea umbali: malori ya makontena huingia na kutoka bandarini Kilindini usiku na mchana, na kioo cha kukuza hukifanya kitu kionekane kikubwa, na kilicho kikubwa akili hukidhania kuwa karibu, mpaka itakapozoea. Kwa wiki nzima sikuvuka barabara ila pamoja na mtu mwingine, na sioni aibu kulisema.

Na sasa nirudi kwa wale walioiweka miwani katika mtoto wa meza, maana wao ndio walionifanya niandike. Katika mashamba ya chai ya Assam, nchini India, palifanywa jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018. Wachumaji 751 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea, ambao macho yao ya karibu yalikuwa yamedhoofika kwa umri tu, waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja likapewa miwani ya kusomea, la pili likangojeshwa mpaka mwisho wa jaribio. Wenye miwani walichuma zaidi ya wenzao kwa kiasi cha asilimia 21.7. Miwani ile ilikuwa ya bei nafuu kabisa, na mchumaji hasomi kitu. Anachohitaji ni kuliona chipukizi na majani yake mawili. Nafikiri juu ya mikono iliyochuma yale majani niliyoyahesabu mimi kwa miaka kumi na tisa, Kericho na Nandi, mikono ya akina mama waliopita arubaini, na nafikiri juu ya makarani, mafundi cherehani wa Marikiti, waalimu wa madrasa, walio na miwani tayari, iliyolipiwa tayari, ikilala gizani kwa sababu siku ya kwanza iliwatia kizunguzungu na hapakuwa na mtu wa kuwaambia kwamba kizunguzungu kina mwisho. Mwenzangu mmoja wa ghalani aliiweka yake kwa miaka mitatu. Alistaafu mapema, akisema macho yamekwisha.

Lakini subira hii ina mpaka, nao sharti usemwe kwa sauti ile ile. Huko nyuma, miaka mingi kabla ya kisa hiki, duka moja ambalo sitalitaja lilinipa miwani ambayo niliivumilia miezi miwili, nikiona vitu viwili viwili jioni na kuumwa na jicho la kulia, huku nikijilaumu kuwa sina ustahimilivu. Kosa halikuwa langu. Kila kioo kina kitovu chake, na kitovu hicho chapaswa kukaa mbele ya mboni. Umbali baina ya mboni mbili za mtu mzima ni kama milimita 63, lakini kila mtu ana wake, na wangu haukupimwa. Kitovu kikihama, kioo hugeuka kuwa mche unaoipinda miale pembeni, na kadiri kioo kilivyo na nguvu ndivyo kuhama kwa milimita chache kunavyozidi kudhuru, kwani misuli ya macho hulazimika kuvuta kutwa nzima ili kuziunganisha taswira mbili. Maumivu ya namna hii hayapungui siku hata siku. Hiyo ndiyo tofauti. Adha ya kuzoea huwa kubwa siku ya kwanza, ndogo kidogo ya tatu, na baada ya wiki mtu huisahau kwa saa nzima. Adha ya kosa hukaa pale pale au huzidi. Kwa hivyo wiki mbili za yule binti si namba ya kubahatisha. Atakayesumbuka kuzipita arudi akapimwe upya, akidai pembe na vitovu vikaguliwe, na asikubali kuambiwa kwamba atazoea. Ama akiona vitu viwili ghafla, au mimweko ya nuru, au pazia limeshuka upande mmoja wa jicho, asingoje hata siku moja. Hayo si ya miwani, ni ya hospitali.

Kuhusu usafi wa vioo, kamba za shingoni, na aina za fremu nitasema katika sura ifuatayo.

Sakafu ya ghala ilishuka lini, siwezi kusema kwa yakini. Siku ya tano bado ilipanda, lakini mguu wangu haukuiamini tena. Ulikanyaga tambarare huku macho yakiona kilima. Siku ya nane kijana yule kuli alinipita akiwa na mzigo wake, akaniuliza hali ya mguu, nami nikatambua kwamba nilikuwa nimepita kichochoro kizima baina ya marundo nikisoma alama za pande zote mbili, BP1 huku, PF1 huku, pasi na kukumbuka kwamba nimevaa kitu usoni.

Siku ya kumi na moja, ikiwa ni alasiri ya masika, nilikuwa nikipita mbele ya Msikiti wa Mandhry, ambao umesimama pale tangu mwaka 1570, mvua ikaanza kunyesha na vioo vikajaa matone. Nikasimama chini ya dari ya nyumba iliyo karibu, nikaivua miwani, nikatoa kitambaa mfukoni na kuanza kuipangusa. Nilipoinua macho, ule mnara mweupe uliochongoka ulikuwa umeegemea nyuma kuelekea baharini, na njia iliyokuwa mbele yangu ilikuwa ikiteremka. Nikaivaa miwani. Mnara ukasimama.